Herufi Zilizobeba Paa la Bana Chola

Ninyi mnaofyatua tofali sasa hivi kwenye yadi ya Kashikishi mnajua kwamba tangu mgongo wangu uombe ruhusa, sibebi kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Nimekaa nyumbani na kumchosha mke wangu kwa ushauri ambao hakuuomba. Yeye ndiye aliyesema niwaandikie ninyi, kuliko kuendelea kumfundisha namna ya kupanga sahani kabatini. Basi naandika. Mliniuliza zile herufi za tofali zilitoka wapi, zile zinazosimama kwenye kuta za maduka na makanisa kuanzia hapa hadi Mununga, na kwa nini sikukubali hata siku moja kuzitengeneza bila mikia. Nitajibu, lakini kwa mwendo wangu, na mwenye haraka aende akachekeche mchanga.

Sikuanza na herufi. Nilianza na huo mchanga, huko Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwa mzee mmoja mfyatua tofali aliyeitwa Papa Kalenga. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati safi nikidhani nitapewa mwiko. Nilipewa ndoo na chekeche, nikaachwa juani hadi jioni. Nilipompelekea mchanga wangu alichukua kidogo, akautia mdomoni, akausaga kwa meno ya mbele, kisha akautema karibu kabisa na viatu vyangu.

“Mutoto, humu muko udongo. Ile briki itakula sima yako yote, na kisha itapasuka tu. Onja weye mwenyewe.”

Sima ndiyo saruji kwa watu wa Pweto. Nilionja. Nimeendelea kuonja mchanga maisha yangu yote, na meno niliyobaki nayo ni ushahidi.

Papa Kalenga alikuwa fundi wa klostra. Wageni wa yadi waelewe kwamba klostra ni tofali la saruji lenye matundu, linalojengwa ukutani ili hewa ipite na macho ya jirani yasipite. Kalibu zake alizichonga mwenyewe kwa mbao ngumu na kuzipaka oili chafu ya magari, ili tofali litoke bila kung'ang'ania. Alinifundisha kugonga kalibu kwa ngumi badala ya nyundo, kumwagilia tofali kidogo kidogo kama mtu anavyomnywesha mgonjwa, na kutomwamini mteja anayesema hana haraka. Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa sheria yake moja, aliyoirudia kila tulipoweka tofali la kwanza la ukuta.

“Klostra iko rido,” alikuwa akisema, yaani pazia. “Rido haibebake nyumba. Juu yake unatia linta, na linta njo inabeba. Siku utasahau ile, utaua bantu.”

Linta mnaijua, ule mkanda wa zege unaopita juu ya dirisha au matundu na kushika uzito wa paa. Kwa Papa Kalenga, fundi aliyeacha linta alikuwa sawa na mwizi, tofauti yake ni kwamba mwizi huwa hakupi risiti. Niliishika sheria hiyo kama sala.

Kazi ilipopungua Pweto nilivuka ziwa na mashua ya wachuuzi hadi Kashikishi, kalibu mbili zikiwa zimefungwa ndani ya blanketi langu. Huku nilikuta maghala ya samaki wakavu yanayohitaji hewa, na watu wenye majina makubwa kuliko maghala yao. Kila mtu alitaka jina lake ukutani. Wengine walipaka rangi, na mvua mbili baadaye jina likawa limepauka. Mwenye saluni mmoja ndiye aliyeniuliza kama naweza kumwandikia jina kwa klostra zenyewe. Nikachonga kalibu moja kwa kila herufi. Lilipendeza. Mteja wa pili akaja na jina lisilo na hata herufi moja ya yule wa kwanza, nikachonga tena. Baada ya muda chumba changu kilijaa mbao, na kalibu ya G ililiwa na mchwa kabla haijapata kazi ya pili.

Sasa mnatarajia niseme wazo lilinijia kwa maono. Nilikuwa natafuta mahali pa kukalia. Kulikuwa na rundo la tofali zilizovunjika wakati wa kutoa kwenye kalibu, nikawa nazipanga ziwe kiti. Kipande kilichokatika mshazari kikaangukia ubavuni mwa tofali zima, na nikaiona K, si nzuri sana, lakini K. Nikasahau kukaa. Nilicheza na vile vipande hadi mke wangu akanitumia mtu kuuliza kama nimehama.

Nikatoka na kalibu tano tu. Kipofu ni tofali lisilo na tundu kabisa. Jicho lina tundu la duara katikati. Mwezi limeng'atwa pembe moja kwa mviringo. Mgongo limekatwa mshazari, nusu saruji na nusu wazi. La tano, Mkia, ni wazi karibu lote, ila linavukwa na ukanda wa saruji uliopinda kama mkia wa mjusi. Vipofu, Miezi na Migongo hujenga herufi. Macho hujaza nafasi iliyobaki, mwanga upite, herufi ijitokeze. Kila moja unaweza kuigeuza juu chini au ubavu. Kwa kalibu tano nikapata alfabeti nzima, hata Q, ambayo hadi leo hakuna mtu wa Nchelenge, wilaya yetu nzima, aliyeniagiza.

Mikia mwanzoni ilikuwa ya urembo tu. Nilikuwa kijana, nilipenda kusifiwa.

Jina la kwanza nililolijenga kwa tofali hizo lilikuwa la Papa Mulongo, mchuuzi wa Kikongo mwenye ghala pale sokoni. Alilizunguka ghala lake mara nyingi akitabasamu, akawaita majirani. Kisha mvua ya kwanza ikaja na upepo wa ziwani, na asubuhi Papa Mulongo akaja yadini miguu peku.

“Fundi! Jina yangu inakunywa mvula kule inje, inakuya kukojoa juu ya samaki!”

Nilikwenda kuona, na ilikuwa kweli. Katika kalibu za Papa Kalenga mdomo wa chini wa tundu huwa na mteremko kuelekea nje, ili maji yarudi yalikotoka. Yeye hakuwahi kugeuza tofali. Mimi nilizigeuza, na mteremko ukaenda juu au ubavuni, chini pakabaki bapa. O zote mbili za Mulongo zilikuwa mabeseni. Kuanzia hapo nikachonga upya, tundu likawa pana nje na jembamba ndani pande zote nne, na upande wa ndani wa kila tofali nikauchora msalaba. Mkitaka kujua kwa nini nilikuwa nagomba mkisahau ule msalaba, muulizeni Papa Mulongo, bado analalamika. Au waulizeni watu wa kisiwa cha Kilwa, kile cha humu humu ziwani, waliochukua tofali zangu kwa mashua na kumpa fundi wao asiyejua msalaba ni wa nini. Jina la duka lilisomeka vizuri sana kwa mbuzi waliolala ndani.

Nimefika kwa Bana Chola, na hapa naandika polepole.

Wabemba, kama mjuavyo, mwanamke akishazaa humwita kwa jina la mtoto. Bana Chola ni mama yake Chola, binti pekee. Alinunua samaki hapa na kuwauza hadi Kasumbalesa, mpakani na Kongo, na Kiswahili chake alikipata njiani, kwenye magari ya mizigo. Mumewe, Bashi Chola, alikuwa dereva wa lori hadi kifua kilipomshinda. Nyumba waliyokuwa wanajenga ng'ambo ya barabara, ikitazama ziwa, ilitoka kwenye vikapu vya mama, na kila mtu alijua hivyo, akiwemo mume.

Alinikuta nachanganya zege. Hakunisalimu kwa Kibemba kama siku zote, alianza moja kwa moja kwa Kiswahili, nikajua ana jambo.

“Fundi, ile jina unaandikaka na briki, mutu anaweza kuipaka rangi juu?”

“Anaweza. Mais,” nikasema, yaani lakini, “jina itaonekana tu. Umbo haifichike.”

“Na kuitosha?” akauliza, yaani kuitoa.

Sikutaka kumdanganya mteja. “Kuitosha iko mwepesi. Juu kuko linta. Unavunja klostra, unatia dirisha, paa haitajua hata kama kuko kitu kilitoka.”

Akaweka mkoba chini. “Basi mi nataka jina yenye kubeba paa. Mutu akitosha jina, nyumba imwangukie.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza habari za dada yake aliyekuwa na duka Mununga, lenye jina lake limepakwa kwa rangi ya bluu juu ya mlango. Mume alikufa. Kwa desturi ya huku, mali ya mwanamume hutazamwa na ukoo wa mama yake, na wanaokuja ni wapwa, watoto wa dada yake. Walikuja. Kabla watu hawajamaliza matanga, duka lilikuwa limepakwa rangi nyeupe na jina lingine juu yake, na dada mtu alirudi kwao na sufuria. Sheria ya nchi inamlinda mjane, naijua na naiheshimu, lakini sheria inakaa bomani, na wapwa huja na gari hadi mlangoni.

“Bwana yako anajua unataka nini?” nilimuuliza.

“Enda umuulize. Iko palepale ku nyumba, anahesabu mabati na macho.”

Nilimwambia hapana, kabla hata ya kwenda. Nilimwambia klostra ni pazia, nikamsomea sheria yote ya Papa Kalenga. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akachukua mkoba wake. “Nimesikia, mukwai,” akasema, kwa neno la heshima la Kibemba. “Lakini uje.”

Nikaenda jioni ile ile, ili nimkatalie na mume. Bashi Chola alikuwa amekaa kwenye kiti cha lori lake la zamani, amekifunga kwenye mbao, blanketi magotini. Alikuwa mtu wa mzaha na ugonjwa haukumnyang'anya hilo.

“Fundi, mi najua bandugu yangu,” akasema. “Batakuya na kulia, batalia vizuri kabisa. Kisha batatosha mètre, batapima madirisha.” Akakohoa, akapumzika. “Jina yangu, itakuwa kule ku makaburi. Huku utie ya muke yangu. Hapana Bana Chola. Chola ataolewa, ataenda. Tia jina ya mama yake mwenyewe, Chilufya.”

Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Aligeuza uso kutazama ziwa, na mimi nikajifanya naangalia msingi. Sikuweza tena kusema hapana, na nilichukia sana kwamba siwezi.

Sasa fikirini tatizo lenyewe kama mafundi. Linta haipo. Paa linakaa juu ya herufi, na herufi zimezungukwa na matundu. H haina shida, imesimama kwa miguu miwili kama ng'ombe. I ni nguzo tu. U, ukiijaza chini, inabeba. A ni mlima. Lakini L ni mtu aliyekaa sakafuni amenyoosha miguu, hana kichwa cha kushika kitu. C imetoboka tumbo. Y inasimama kwa mguu mmoja na mikono hewani. Na F ndiyo mbaya kuliko zote, uzito wake wote uko juu na upande mmoja, chini hakuna kitu. Ningepewa mama anayeitwa Hihi, ningelala usingizi.

Niliijenga F peke yake yadini, nikapitisha nondo katikati ya Vipofu vyake na kuvimiminia zege. Ilipokauka tukaweka juu yake boriti na magunia ya mchanga. Ilivumilia, ikavumilia, kisha ikakatika shingo. Haikupiga kelele nyingi, ila nilipoona ule ufa nilishamwona Bana Chola amelala chini yake. Nikamsikia Papa Kalenga pia, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa, na hakuwa na neno zuri la kuniambia.

Nilikaa na F iliyovunjika kwa siku kadhaa. Niliichora ikiwa nene zaidi, ikawa kama jiwe la kusagia, haisomeki. Nilichora linta ndogo juu yake, nikaifuta, maana penye linta ndogo mtu huweka linta kubwa. Kilichonisaidia kilikuwa ubavuni muda wote na nilikipuuza kwa sababu niliwahi kukifanya kwa ajili ya sifa. Ule mkono wa F unaoning'inia hewani, ukiuongezea Mkia unaoshuka na kukamata mguu wa Y, haujaning'inia tena. Na mkono wa Y ukiteremsha Mkia wake mpaka kwenye paja la A, Y ina mguu wa pili. L nayo ikapandisha Mkia toka kidoleni mwake hadi kwenye bega la U. Kila herufi ikamshika jirani yake, juu na chini, na nondo ikapita ndani ya ile mikia yote kama uzi unavyopita kwenye shanga.

Jengo likawa la urembo kuliko lolote nililowahi kulifanya, na hakuna hata pindo moja lililokuwa la urembo. Mtu akisimama karibu anaona majani na mikia imesukana. Akirudi nyuma hadi barabarani anasoma jina. Ndiyo sababu, vijana wangu, sitaki kusikia mteja akiambiwa kwamba bila mikia bei itashuka.

Tulijenga F mpya na Y yake, tukapakia magunia, kisha watu wa yadi wakapanda juu wakiimba. Mimi nilikaa chini yake na chai yangu. Nilikuwa naogopa, na chai niliimwaga yote, lakini nilikaa mpaka wakashuka.

Ukuta ulisimama upande wa ziwani wa chumba cha mbele. Bashi Chola aliuona umekamilika. Jioni jua linaposhuka upande wa Kongo, mwanga huingia kwa yale Macho, na sakafuni jina hulala lote kama kivuli, katikati ya madoa ya mwanga, linasomeka vizuri ukiupa ukuta mgongo. Hilo sikulipanga, lilitokea tu. Bana Chola alipoliona mara ya kwanza alivua kandambili na kulizunguka, hakulikanyaga. Alilia, na mumewe kutoka kitini akamwambia kwa Kibemba kwamba aache kulowesha sakafu mpya.

Bashi Chola alikufa baada ya mavuno ya mihogo ya mwaka uliofuata. Tulimzika vizuri, watu walikuwa wengi. Siku chache baadaye nilitumiwa ujumbe niende pale nyumbani na vifaa vyangu. Aliyeniita alikuwa Kaoma, mpwa wa marehemu, aliyetoka mjini Kitwe na watu wake. Nilimkuta uani. Alikuwa na futi kamba mkononi, anapima dirisha.

Kaoma alinisemesha kwa Kibemba. Hakujua Kiswahili, hakukulia huku.

“Ba fundi, umeandika nini kwenye huu ukuta?”

“Jina la mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba tumemzika.”

Akaikunja futi kamba yake. Akasema, bila hasira, kama mtu anayeagiza chakula, “Litoe. Weka dirisha la kioo hapa, kubwa. Ziwa ni zuri, watu walione.”

Nilimwonyesha Vipofu, nikamwonyesha nondo inavyopita kwenye mikia, nikamwonyesha kwamba juu hakuna linta. Nikamwambia akitoa herufi moja, paa linashuka. Alidhani natafuta bei. Akagonga H kwa kifundo cha kidole, kisha kwa ngumi, akatazama juu kwenye boriti, na nikaona ameelewa.

“Hakuna namna kabisa?”

Hapo ningeweza kumdanganya. Lakini mtu akidanganywa kuhusu uzito, kesho ataua mtu. “Namna ipo,” nikasema. “Uegemeze paa kwa magogo, ubomoe ukuta wote, ujenge upya. Kwanza uwatoe watu wote waliomo ndani.”

“Basi tutawatoa,” akasema. Akaenda kwenye gari kuita watu wake.

Nikachungulia kwenye matundu. Waliokuwa ndani walikuwa wanawake wa msiba, wamekaa kwenye mikeka. Bana Chola alikuwa pembeni, kitambaa kichwani, Chola amemwegemea. Alikuwa amesikia kila neno kupitia matundu yangu, maana klostra haizuii sauti. Hakuinua kichwa. Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa imeshika ukingo wa mkeka. Nilitamani aseme kitu, atukane, apige kelele. Nilikuwa nimemjengea ukuta ambao hauwezi kufutwa, na sasa nilikuwa nimemwambia mtu namna ya kuufuta.

Katikati ya chumba alikaa Bana Kaoma, mama yake Kaoma, dada mkubwa wa marehemu. Katika ukoo ule neno la mwisho lilikuwa lake. Jua lilikuwa limeshuka, na kwa vile alikuwa amekaa kuupa ukuta mgongo, jina lilikuwa limelala mbele yake sakafuni, mwanzo wake juu ya chitenge alichovaa. Niliona alikuwa analisoma kwa muda mrefu. Kisha akainuka kwa taabu, magoti yalikuwa yanamsumbua, akatoka nje mpaka nilipokuwa nimesimama. Alikuwa muuza samaki wa Mununga, alijua Kiswahili cha kuuzia Wakongo, na alinisemesha kwa hicho, kwa sauti ya chini.

“Fundi. Ile kivuli kule chini, njo jina ya bibi ya kaka yangu?”

“Njo yake, mama.”

Akapitisha kiganja kwenye mkia wa F, taratibu, kama anapapasa kitambaa sokoni. “Na bapwa ya bwana bakikuya, banashindwa kuitosha?”

“Hawashindwe. Mais itabidi babomoe nyumba mchana, bantu bote bakiona.”

Nilijua, kama watu wote wa Mununga walivyojua, kwamba Bana Kaoma aliolewa tena baada ya kufiwa, na kwamba nyumba anayokaa na mume huyo, karibu na soko la Mununga, aliijenga yeye.

“Bwana yangu iko na bapwa,” akasema. “Bengi.” Kiganja bado kilikuwa ukutani. “Jina yangu nayo, inaweza kubeba paa?”

“Jina gani, mama?”

Nilimuuliza kwa sababu sikulijua. Miaka yote nilimwita Bana Kaoma, kama kila mtu. Alifungua mdomo, akasita, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouweka mahali zamani.

“Mumba,” akasema kwa sauti ndogo sana.

Kaoma alikuwa amerudi. Wanaume wawili walikuwa nyuma yake na yeye mwenyewe alishika nyundo kubwa. Alisimama hatua chache kutoka kwetu, akauliza kwa Kibemba, kwa heshima, “Mayo, tuanze kuwatoa?”

Mama yake hakugeuka kumtazama. “Rudisha nyundo kwenye gari,” akamjibu. “Kisha uingie ndani ukakae na mke wa mjomba wako.”

Kaoma hakusogea. Nadhani alifikiri amesikia vibaya. Mama akanitazama mimi, na safari hii akasema kwa nguvu, hadi wanawake waliokaa kwenye mikeka wakainua vichwa, na Bana Chola wa kwanza.

“Mumba, fundi. Anza kufyatua leo.”